Kipande kipya cha tumbawe kioshwe kwanza

Wenzangu wa Malindi mnaofuga matumbawe nyumbani, kipande kipya msikitie tangini moja kwa moja, hata kiwe kizuri vipi. Chota maji ya tangi lako kwenye ndoo, tia dawa ya kuoshea matumbawe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha kitikise humo taratibu. Utaona minyoo bapa, wadudu wanaodhuru matumbawe, ikidondoka. Maji hayo yamwage, usiyarudishe.

Kazi ngumu ni mayai ya wadudu hao, kwa sababu dawa hizi kwa kawaida haziyaui. Kagua kitako na sehemu zilizokufa kwa kioo cha kukuzia, yakwangue kwa kisu. Mimi huona bora kukata kitako chote na kukitupa. Halafu kitenge kipande kwenye tangi dogo wiki 4 hadi 6, ukikiosha tena takriban kila wiki ili uwawahi wanaoanguliwa kabla hawajataga. Mulika usiku pia, ndipo wadudu wengi hutoka.

Na tafadhali, tumbawe usilivunje baharini. Hifadhi yetu ya bahari hapa inalindwa tangu 1968. Tafuta lililooteshwa tangini.