Kufuatilia Raundi ya Chesi ya Wakubwa Ukiwa Dar: Saa Kwanza, Injini Mwisho

Wengi hufungua matangazo ya chesi, wakatazama mstari wa tathmini pembeni ya ubao (ule unaoonyesha nani yuko mbele), wakaukuta umetulia katikati, wakafunga. Mchezo wenyewe hawajauona. Raundi ya daraja la juu huchukua saa nne hadi sita, wakati mwingine zaidi, na sehemu kubwa ya muda huo mtu ameshika kichwa anawaza. Utamu uko kwenye kipindi kifupi ambacho unaweza kukikadiria kabla raundi haijaanza. Ukijua kitaangukia saa ngapi, unaweza kufanya kazi zako, ukapanda daladala, ukala, na bado ukawahi.

Andaa simu au kompyuta, ubao halisi wenye kete zake (hata ule mdogo wa plastiki unatosha), daftari na kalamu. Injini, yaani programu ya kompyuta inayopima hali ya mchezo, ipo kwenye orodha, ila itakuja mwishoni.

Hatua ya 1: Geuza saa mara moja tu

Ratiba rasmi huandikwa kwa saa za mji wa mashindano. Dar iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa (UTC) mwaka mzima. Sisi hatusogezi saa, wao wanasogeza: Ulaya hubadili Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, Marekani hubadili Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo hesabu ya Januari haifai Juni.

Mashindano ya Tata Steel, kule Wijk aan Zee, Uholanzi, huchezwa Januari na kwa kawaida raundi huanza 14:00 ya huko, ambayo kwetu ni saa kumi jioni. Raundi ya mwisho huwa wanaiwahisha hadi 12:00, yaani saa nane mchana, na hapo ndipo watu hukosa nusu ya mchezo. Mashindano ya Norway Chess yakianza 17:00 ya huko katika majira ya joto, kwetu ni saa kumi na mbili jioni. Raundi ya Saint Louis inayoanza saa sita mchana ya huko mwezi Agosti inatukuta saa mbili usiku. Ubingwa wa dunia wa 2024 uliochezwa Singapore ulianza 17:00 ya kule. Dar ilikuwa saa sita mchana.

Kosa la kawaida ni kugeuza mara mbili. Lichess na tovuti nyingine nyingi husoma saa ya simu yako na kukuonyesha muda wa Dar tayari. Ukiongeza tena zile saa mbili au tatu, utafika watu wanapeana mikono. Kabla ya kujumlisha chochote, hakikisha saa unayoiona ni ya huko au ni ya hapa.

Hatua ya 2: Soma kanuni ya muda, kisha tafuta dakika za lala salama

Hii ndiyo hatua ninayoipa uzito kuliko zote. Katika mashindano ya Candidates ya 2024, Toronto (yale ya kumpata mpinzani wa bingwa wa dunia), kila mchezaji alipewa dakika 120 kwa miendo 40 ya kwanza, kisha dakika 30 hadi mwisho wa mchezo, na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila mwendo kuanzia mwendo wa 41. Maana yake, kabla ya mwendo wa 40 hakuna nyongeza yoyote. Dakika 120 za mmoja na 120 za mwenzake ni saa nne. Wakitumia muda wote, watafika mwendo wa 40 saa nne baada ya kuanza, na nusu saa kabla ya hapo ndipo mikono hutetemeka. Raundi za Toronto zilianza saa tatu na nusu usiku kwa saa za Dar, kwa hiyo lala salama yake ilikuwa kuanzia saa saba usiku hadi saa saba na nusu. Mtu aliyelala mapema akaamka saa saba kasoro robo aliona mengi kuliko aliyekesha toka mwanzo akasinzia saa sita.

Kanuni zikibadilika, mahali pa joto panahama. Sinquefield Cup, ya kule Saint Louis, imekuwa ikitumia dakika 90 kwa miendo 40, kisha dakika 30, na nyongeza ya sekunde 30 kuanzia mwendo wa kwanza. Hapo mtu hawezi kuishiwa kabisa kirahisi, lakini anaweza kucheza miendo 15 mfululizo akiishi kwa zile sekunde 30 tu. Norway Chess ni kali zaidi: dakika 120 kwa mchezo mzima, na nyongeza ya sekunde 10 tu kuanzia mwendo wa 41. Hakuna dakika mpya zinazoingia mwendo wa 40 ukifika, kwa hiyo msukosuko hauishii pale, unaendelea hadi mwisho. Tarehe 1 Juni 2025 Magnus Carlsen wa Norway alipoteza mbele ya Gukesh wa India mchezo aliokuwa ameutawala kwa muda mrefu, na kosa lake lilitokea baada ya mwendo wa 50, wote wawili wakiwa wamebanwa na muda.

Norway pia ina nyongeza yake: mchezo wa kawaida ukiisha sare, wanacheza armageddon papo hapo, yaani mchezo mfupi wa kuamua mshindi. Mweupe anapewa dakika 10, mweusi 7, na sare inahesabiwa ushindi wa mweusi. Ushindi wa kawaida ni pointi 3. Sare ni 1 kwa kila mmoja, na mshindi wa armageddon huongezewa nusu. Usifunge simu ukiona sare.

Hatua ya 3: Chagua meza mbili

Mashindano ya watu 10 yana meza tano kwa raundi, ya watu 14 yana saba. Huwezi kuzitazama zote kwa akili. Chukua moja ya kuifuata kwa ubao wako, na moja ya kuchungulia.

Usichague kwa jina la mchezaji peke yake. Fungua msimamo uulize nani analazimika kushinda. Kabla ya raundi ya 14 ya Toronto, iliyokuwa ya mwisho, Gukesh alikuwa na pointi 8.5, Nakamura, Caruana na Nepomniachtchi walikuwa na 8 kila mmoja. Gukesh alicheza na Nakamura, huku Caruana akicheza na Nepomniachtchi. Fanya hesabu: sare ingemfikisha Gukesh 9, na mshindi wa meza ya pili naye angefika 9, wakaingia mchujo wa kuamua bingwa. Kumbe aliyefuata meza ya Gukesh tu alikuwa ameshika nusu ya habari. Meza yake iliisha sare, na macho yote yakahamia kwa Caruana, aliyekuwa na mchezo wa kushinda mkononi. Ulimponyoka, ukaisha sare kwenye mwendo wa 109, na Gukesh akabeba taji kwa pointi 9.

Mwenye kete nyeupe anayehitaji ushindi ni chaguo zuri. Mwenye nyeusi anayehitaji ushindi ni bora zaidi, maana atalazimika kuvuruga mchezo mapema.

Hatua ya 4: Bando na chaji

Ubao wa matangazo bila video hutumia data kidogo sana. Kinachotumwa ni miendo na saa tu. Video ndiyo inayokula bando. Fuata ubao peke yake saa tatu za mwanzo, kisha washa video ya wachambuzi wakati wa lala salama, kwa ubora wa chini. Sura za wachezaji zitaonekana vya kutosha.

Injini nayo ina gharama yake. Stockfish unayoiwasha kwenye Lichess hutumia prosesa ya simu yako mwenyewe. Simu inapata moto na chaji inashuka haraka, na umeme ukikatika saa mbili usiku utabaki na asilimia 12 wakati mwendo wa 38 unachezwa. Hiyo ni sababu nyingine ya kuizima.

Hatua ya 5: Ufunguzi, ukiwa njiani

Raundi ikianza saa kumi jioni, saa moja na nusu ya kwanza inaangukia kwenye foleni ya kurudi nyumbani. Haidhuru. Kwenye mwendokasi kutoka Kivukoni hadi Kimara unahitaji kuchungulia kila baada ya dakika kumi tu.

Herufi ni hizi: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu (wengine humwita tembo), N farasi. Kitunda hakina herufi, huandikwa mraba wake tu, kama e4. Alama ya x ni kula, + ni cheki, # ni chekimeti. O-O ni mfalme kujificha upande mfupi, O-O-O upande mrefu.

Hapa usipime nani yuko mbele. Pima nani bado yuko kwenye maandalizi ya nyumbani, na hilo linaonekana kwenye saa. Kwenye kanuni ya dakika 90 yenye nyongeza toka mwanzo, mtu aliyefika mwendo wa 15 saa yake ikisoma dakika 95 hajaanza kufikiri, anakariri. Mwenzake akiwa na 60, ujue amekutana na kitu kigeni. Andika kwenye daftari mwendo ambao kila mmoja alitumia zaidi ya dakika 10 kwa mara ya kwanza. Mara nyingi mchezo wa kweli unaanzia pale.

Jihadhari na sare za haraka. Ukiona Ufunguzi wa Kihispania kwa ulinzi wa Berlin, kisha malkia mweupe anatoa cheki kwenye e4, mweusi anaziba kwa malkia e6, mweupe anarudi d4, mweusi d6, halafu wanarudia, hao wamekubaliana kupumzika. Mashindano mengi hukataza kupatana sare mapema kwa mdomo, lakini hali ileile ikijirudia mara tatu sare inaruhusiwa. Hamia meza yako ya pili.

Hatua ya 6: Kisia kabla hajacheza

Ukifika nyumbani, panga hali ya meza yako kuu kwenye ubao halisi. Macho huona tofauti kwenye kete za kushika, hasa askofu aliye mbali na ngome zilizo kwenye mistari wazi.

Mchezaji akianza kuwaza, andika miendo mitatu ambayo ungeifikiria, ukianza na cheki, kisha kula, kisha vitisho. Weka alama kwenye ule ambao ungeucheza, na sababu kwa maneno matano au sita. Akicheza, linganisha. Ukikosea usikimbilie injini; uliza mwendo wake unazuia nini. Kwa wachezaji wa daraja hili, mwendo usioeleweka mara nyingi umezuia mpango wa mwenzake ambao wewe hukuuona.

Wakati huohuo gawanya muda uliobaki kwa miendo iliyobaki kufikia 40. Mwenye dakika 24 na miendo 12 ana dakika 2 kwa kila mmoja, anaweza kuhimili. Mwenye dakika 6 na miendo 12 ana nusu dakika. Ikiwa wa pili ndiye mwenye hali ngumu ya kulinda, acha kila kitu ukae hapo.

Hatua ya 7: Sasa washa injini

Iweke ionyeshe mistari mitatu, uiache ifike kina cha 22 au zaidi (namba inayoonyesha inatazama mbele kiasi gani) kabla ya kuiamini. Kwenye simu hiyo inaweza kuchukua dakika nzima. Namba chanya ni upande wa mweupe, hasi ni mweusi. Toka Stockfish 15.1 ya Desemba 2022, +1.00 haina maana ya kitunda kimoja zaidi. Imepimwa ili iashirie nafasi ya asilimia 50 ya kushinda, injini ikicheza na injini nyenzake. Binadamu mwenye dakika tatu ni habari nyingine.

Ndiyo maana tunaangalia mistari mitatu. Ukiona 0.00 kwenye yote mitatu, hali imetulia. Ukiona 0.00 kwenye wa kwanza na −5 kwenye wa pili na wa tatu, mtu anatembea ukingoni. Tarehe 12 Desemba 2024, mchezo wa 14 wa ubingwa wa dunia, Ding Liren wa China, bingwa mtetezi, alikuwa na hali ya sare mbele ya Gukesh, ngome na askofu kila upande. Mwendo wa 55 akapeleka ngome f2. Gukesh akaila, mfalme wa Ding akalipiza, kisha Gukesh akaweka askofu wake d5. Askofu wa Ding alikuwa kona ya a8, hana pa kukwepa mabadilishano. Maaskofu wakatoka, wakabaki wafalme na vitunda, viwili vya Gukesh dhidi ya kimoja. Ding alisalimu amri mwendo wa 58. Panga hali hiyo kwenye ubao, rudisha ngome ilipokuwa kwenye mstari wa nne, na ujaribu kulinda mwenyewe kabla ya kuiuliza injini.

Mambo yanayoharibika

Mfalme akiruka ghafla hadi katikati ya ubao, usidhani ni wazimu. Mbao za kielektroniki husajili matokeo kwa kuweka wafalme katikati: e4 na d5 ni ushindi wa mweupe, d4 na e5 wa mweusi, na wakikabiliana kwenye mstari mmoja, kama e4 na e5, sare. Mfumo ukikosea, hiyo huonekana kama mwendo. Mstari wa tathmini nao utaruka bila sababu, upuuze.

Ubao ukiganda huku video inaendelea, au kinyume chake, huenda matangazo yamecheleweshwa makusudi kuzuia udanganyifu. Kwenye Sinquefield Cup ya 2022, Carlsen alipojitoa, waandaaji waliweka ucheleweshaji wa dakika 15. Hesabu zako za saa zisogeze kwa kiasi hichohicho.

Raundi ikiisha, pakua faili la PGN (lenye miendo yote) la meza zako mbili siku hiyohiyo, ufungue kwenye ukurasa wa uchambuzi, na uandike makisio yako kama maelezo kwenye miendo husika. Halafu angalia upangaji wa raundi inayofuata: nani atakuwa na kete nyeupe, na kama kesho ni siku ya mapumziko.