Jinsi ya kuomba kibali cha ukaazi China ukihamia Guangzhou

Viza ya X1 ya masomo au Z ya kazi uliyobandikiwa Dar au Nairobi inakuvusha mpaka tu. Ukishagongewa muhuri uwanja wa ndege wa Baiyun, una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi, wikiendi na sikukuu zimo humo. Wenye viza ya M, wale wanaokuja kununua mzigo mtaa wa Xiaobei na kurudi, hawaombi kibali hiki. Lakini hatua ya kwanza inawahusu nao.

Hatua ya kwanza ni polisi. Ukilala hotelini, mapokezi wanakuandikisha wenyewe. Ukifikia kwa ndugu au nyumba ya kupanga, sheria inakupa saa 24 uwe umejiandikisha kituo cha polisi cha mtaa, wenyewe wanakiita paichusuo. Beba pasipoti, mkataba wa pango na kopi ya kitambulisho cha mwenye nyumba. Kama umefikia kwa mtu, nenda naye. Mimi nilifika Ijumaa usiku, nikajiambia Jumatatu si mbali. Jumatatu hiyo afisa alihesabu siku kwa vidole mbele yangu, kisha akanipa onyo. Nilibahatika, maana faini inaweza kufika yuan 2,000.

Unachotoka nacho ni kikaratasi chenye jina, anwani na muhuri mwekundu. Ukikiona utadhani risiti ya duka, ila kila dirisha utakalokwenda baada ya hapo watakiulizia. Kisome ukiwa bado umesimama hapohapo. Wenye majina matatu ndio tunaoumia: changu kiliandikwa majina mawili, la babu likaachwa, nikarudishwa kutoka uhamiaji hadi mtaani kuanza upya. Jina lifuate pasipoti herufi kwa herufi, na laini ya simu na akaunti ya benki zifuate mpangilio huohuo.

Hatua ya pili, vipimo vya afya, kwa anayekaa mwaka au zaidi. Fomu ya vipimo uliyojaziwa nyumbani usiitupe, ipeleke kituo cha vipimo cha hapa ikakaguliwe. Matokeo hudumu miezi 6, na kama picha haikugongwa muhuri au daktari hakutia saini, fomu hiyo haina kazi tena. Wakikataa, unapimwa upya: damu, eksirei ya kifua, moyo, ultrasaundi ya tumbo. Nenda asubuhi bila kunywa chai.

Hatua ya tatu, picha. Piga studio za hapa zinazopiga picha za vitambulisho, mwambie unataka na huizhi, ile karatasi yenye namba inayotoka pamoja na picha. Picha ulizotoka nazo Kariakoo, hata ziwe nzuri vipi, hazina namba hiyo.

Hatua ya nne, dirisha la uhamiaji la polisi. Mwanafunzi anabeba barua ya kudahiliwa, fomu ya JW201 au JW202, ile uliyoombea viza ya masomo, na barua ya chuo. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ndiyo inayoitoa, kwa hiyo anzia huko. Wa kazi anahitaji kwanza kibali cha kazi, na hilo ni jukumu la mwajiri. Msumbue mapema, asikuambie siku ya 25 kwamba bado anashughulikia. Ada ni yuan 400 kwa kibali kisichofika mwaka, 800 kwa mwaka 1 hadi 3.

Pasipoti yako itabaki kwao, kwa kawaida si zaidi ya siku 15 za kazi. Stakabadhi wanayokupa ndiyo uhalali wako wa kukaa kwa muda huo, tembea nayo. Na tafadhali, hata kabla hujaikabidhi pasipoti, usishawishike kwenda Hong Kong kutembea. Treni ya mwendokasi inafika upesi mno, lakini ukivuka umehesabiwa kuwa umetoka China, na viza ya kuingia mara moja imekufia mkononi.

Siku 30 zikikupita bila kuomba, ni yuan 500 kwa kila siku, mwisho 10,000, au kuwekwa mahabusu siku 5 hadi 15.

Ukirudishiwa pasipoti, kagua stika ya kibali kabla hujaondoka dirishani: jina, tarehe ya mwisho, sababu ya ukaazi. Ukihama chumba, hata kama ni ghorofa ya juu yake tu, rudi paichusuo ukachukue kikaratasi kipya. Taarifa zilizoandikwa kwenye kibali zikibadilika, una siku 10 za kuwajulisha uhamiaji.