Rangi ya anga ndani ya vilima vya mbali
Unapochora Ziwa Victoria kwa rangi za mafuta wakati wa kiangazi, tuseme umekaa karibu na Mwamba wa Bismarck, yale mawe yaliyo ziwani pale Mwanza, changanya kwanza rangi ya anga ya upeoni kwa wingi, kisha itie kidogo katika rangi ya kila kilima, ukizidisha kadiri kilima kinavyokuwa mbali, kwa sababu vumbi na utusitusi wa hewani hufifisha kijani na kukigeuza buluu ya kijivu. Mimi hupima kwa ncha ya kisu: kilima cha karibu ncha moja, cha ng'ambo ya ghuba tatu au nne. Mawe ya mbele, yenye michirizi myeupe ya kinyesi cha ndege, usiyatie kabisa. Njia hii hukwama mvua ya masika inapokatika, kwani hewa hutakata na vilima vya mbali huonekana vimesogea. Hapo fuata macho yako.