Ile tofauti yako unayoificha, anza kuitumia hivi

Wanawake wenzangu, karibu kila mmoja wetu ana kitu alichoambiwa tangu mdogo kwamba kimezidi au kimepungua, mara mrefu mno, mara mweusi mno, mara sauti nzito kama mwanaume, mara haongei na watu, basi tunakua tukikificha mpaka kuficha kwenyewe kunakuwa kazi ya kila siku. Mi nilificha kigugumizi zaidi ya miaka 20.

Anza kwa kukitaja kwa jina lake. "Niko tofauti tu" haikusaidii, sema nina kigugumizi, nina vitiligo (yale mabaka meupe kwenye ngozi), sikio la kushoto halisikii. Chukua karatasi uandike, halafu pembeni andika yale maneno watu waliyokubandika, mjinga, mwoga, ana nuksi, utaona ni vitu viwili kabisa, kimoja chako na kingine ulibebeshwa.

Sasa hapa usiharakishe. Jiulize hicho kitu kimekulazimisha kujifunza nini ambacho wengine hawajawahi kukihitaji. Mimi neno likianza na K linagoma, kwahiyo tangu shule nikiona "kesho" inakuja naikwepa nasema "siku inayofuata", "kazi" naigeuza "shughuli", yaani sentensi nzima naipanga upya kichwani kabla haijatoka. Nilijua ni mateso tu. Nilipoanza kuandika ripoti kazini ndo nikagundua kila jambo nina maneno matatu manne ya kulisemea, manake nimeyatafuta maisha yangu yote.

Mwangalie Evelyn Glennie wa Uskoti, aliyezaliwa 1965. Alipofika miaka 12 masikio yalikuwa karibu hayasikii kabisa na bado anataka kupiga ngoma, basi mwalimu wake anapiga, yeye kaweka viganja ukutani anafuatilia mtetemo, noti nzito anazipata miguuni, nyembamba usoni na shingoni. Akawa mpigaji anayejulikana dunia nzima, na jukwaani mara nyingi hupanda pekupeku ili sakafu imletee sauti. Ndo maana nasema usitafute nguvu yako kwenye kioo, itafute kwenye yale uliyolazimika kuyafanya kwa njia yako.

Ila tusidanganyane, sio kila kitu ni cha kukumbatia. Mwanamke anaumwa hedhi mpaka hainuki kitandani anaambiwa "wewe ndo ulivyo, kila mtu na mwili wake", hapana jamani, hilo ni la kupeleka kwa daktari, na akikupuuza tafuta mwingine. Huzuni isiyoisha vilevile.

Kuhusu maneno ya watu, wa mbali achana nao. Wa karibu anayerudia rudia, mama au mume au rafiki, mwambie mkiwa wawili tu, kwa kifupi, "ukiniita vile naumia, niite jina langu", halafu nyamaza umwache aipokee.

Mwisho kiseme wewe kabla hawajakiona. Anza na mtu mmoja unayemwamini, ukizoea nenda kwenye kikundi kidogo, na usifungue kwa "samahani", manake hujakosea kitu. Sema ulivyo na sema unataka wafanye nini, hiyo ya pili ndo wengi tunasahau, kumbe watu wengi hawana ubaya, hawajui tu wafanyeje. Mi nasema hivi, "nina kigugumizi, baadhi ya maneno yatachelewa, naomba mnisubiri nimalizie mwenyewe". Mara ya kwanza nilisema kwenye kikao cha watu sita, mikono inatetemeka nimeificha chini ya meza, na dakika mbili baadaye "kesho" ikagoma kweli. Sikuikwepa. Nikasubiri, wakasubiri, ikatoka, na aliyekuwa anaandika kumbukumbu akaandika tu tarehe tukaendelea na ajenda inayofuata.