Guta la cc 150 au 250? Kwanza itazame njia ya shambani

Mkulima akishapata fedha ya kununua guta la injini, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mzigo, swali lake huwa moja kuhusu ukubwa wa injini, yaani cc: nichukue cc 150, 200, au nijibane nifike 250? Mimi humrudishia swali jingine: mzigo wako unapanda au unashuka?

Kabla ya kwenda dukani, tembea kwa mguu kutoka shambani hadi barabarani na utafute mahali pabaya kuliko pote. Hapo ndipo patakapokuchagulia injini. Hesabu yake si ngumu. Tuseme guta, dereva na mzigo ni tani 1 kwa jumla. Kwenye mlima unaopanda mita 10 kwa kila mita 100, injini inavuta kana kwamba inanyanyua kilo 100 bila kupumzika, na njia ya vumbi iliyoshindiliwa huongeza kama kilo 50 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, kazi hiyo inataka nguvu farasi 8 kwenye matairi. Injini ya cc 150 hapo imefika mwisho wa pumzi zake, ile ya 200 inabaki na akiba kidogo. Lakini ukikubali kupanda kwa kilomita 8 kwa saa, nguvu inayotakiwa inashuka hadi karibu nusu. Kwa hiyo hata injini ndogo inapanda, mradi guta liwe na gia nzito ya mlima. Muulize muuzaji kama ipo, na akuoneshe inavyoingia.

Shida inayobaki ni joto. Injini nyingi ndogo hupozwa kwa upepo, na upepo huo unatokana na mwendo. Ukipanda taratibu na mzigo saa sita mchana, upepo haupo, injini inachemka, oili inalegea, na baada ya miezi kadhaa unaanza kumzoea fundi. Kati ya cc 250 inayopozwa kwa upepo na cc 200 yenye rejeta, yaani inayopozwa kwa maji, mtu wa milimani ningemshauri achukue ya 200.

Angalia Lushoto. Kabichi na karoti nyingi zinalimwa mabondeni kwenye maji, kwa hiyo mzigo unapanda kwanza kufika barabarani. Kisha unateremka hadi Mombo, zaidi ya kilomita 30 za kona, na kwenda chini takriban mita 1,000. Kwenye mteremko ule cc hazina msaada wowote. Wanaouliza habari za injini ni wengi; wanaouliza habari za breki ni wachache. Guta la huko liwe na breki kwenye matairi yote, nawe uteremke kwa gia ileile ambayo ungepandia. Kuweka gia huru ili kuokoa petroli ni kununua jeneza kwa bei ya nusu lita.

Ifakara mambo ni tofauti. Bonde ni tambarare na mpunga hauna mlima wa kupanda, ila masika inapofika udongo mweusi unashika. Hapa watu hudhani injini kubwa itawatoa. Kwenye maguta ya kawaida, tairi moja la nyuma likianza kuteleza, difu, yaani gia zinazogawa mzunguko kwa matairi mawili ya nyuma, inalipelekea mzunguko wote hilo linaloteleza, na lenzake linasimama. Injini kubwa inachimba shimo haraka zaidi, basi. Fedha ya kuongeza cc ingefaa zaidi kwenye matairi yenye meno marefu, mbao mbili za kutandika chini ya tairi, na kupunguza gunia mbili.

Na hapo kwenye gunia tuelewane. Mbolea ya dukani ni kilo 50 kwa mfuko, hiyo inahesabika. Lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kipimo, haihesabiki, na ndiyo inayovunja springi na kupinda chesisi za watu wanaolaumu injini. Maguta mawili ya cc tofauti yanaweza kuwa na chesisi ileile kabisa, kwa hiyo pekua chini: unene wa chuma, idadi ya majani ya springi, ukubwa wa tairi. Wavunaji nao wasipande juu ya mzigo. Guta lina matairi matatu tu na kona likipata kasi linalala.

Kwa petroli, usiamini maneno ya dukani. Mtafute jirani mwenye guta kama unalolitaka, lijazeni tanki hadi mdomoni, lifanye safari zake za siku nzima na mzigo, kisha lijazeni tena. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo gharama yako ya siku. Siku hiyohiyo muombe alipandishe pale pabaya ulipopaona, likiwa limepakia, alisimamishe katikati ya mlima, kisha aondoke tena bila kusukumwa. Likishindwa, hiyo cc si yako. Likiondoka huku klachi inanuka, nalo pia liache.