Usiku wa Grito: namna ya kuandaa sikukuu ya uhuru wa Meksiko

Saa 5 usiku wa tarehe 15 Septemba, rais wa Meksiko hutoka kwenye roshani ya kati ya Palacio Nacional jijini Mexico, bendera mkononi, akatoa Grito, yaani mwito wa uhuru. Mameya hufanya hivyo mijini kwao, na balozi za nchi hiyo ughaibuni nazo huandaa hafla yao. Panga shughuli zako zote kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa hiyo. Tarehe 16 ndiyo siku ya mapumziko na gwaride la kijeshi, lakini shangwe yenyewe ni ya usiku wa kuamkia. Na usiichanganye na Mei 5. Hiyo ni kumbukumbu ya mapigano ya Puebla ya mwaka 1862, ambapo Jenerali Ignacio Zaragoza aliwashinda Wafaransa, zaidi ya nusu karne baada ya vita vya uhuru kuanza.

Anayetoa Grito lazima ajue anawataja akina nani. Wengi huyasoma majina kama orodha ya mahudhurio, na umati husikia mara moja kwamba msomaji hajui anachokisema.

Mwaka 1810 kikundi cha watu katika mji wa Querétaro kilikuwa kikipanga kwa siri kuuangusha utawala wa Wahispania. Miongoni mwao walikuwa maofisa wa jeshi Ignacio Allende na Juan Aldama, pamoja na Josefa Ortiz de Domínguez, mke wa kiongozi wa serikali wa mji huo. Katikati ya Septemba njama ikafichuka. Josefa, ingawa alikuwa amefungiwa nyumbani, alifaulu kupeleka habari, na onyo likafika mji wa Dolores, katika eneo la Guanajuato, kwa padri wa parokia, Miguel Hidalgo y Costilla. Alfajiri ya Septemba 16 Hidalgo akaamuru kengele ya kanisa ipigwe, akawahutubia waumini, na vita vikaanza bila maandalizi yaliyokusudiwa. Maneno yake halisi hayakuandikwa pale pale. Yanayotamkwa leo yamejengwa na vizazi vilivyofuata, ndiyo maana yanatofautiana kidogo kutoka rais mmoja hadi mwingine.

Mwezi Desemba mwaka huohuo, akiwa Guadalajara, Hidalgo alitangaza kufutwa kwa utumwa. Januari 17, 1811 jeshi lake lilivunjwa kwenye daraja la Calderón. Allende na Aldama waliuawa kwa kupigwa risasi huko Chihuahua mwezi Juni, Hidalgo mwenyewe Julai 30. Vichwa vyao vilitundikwa kwenye pembe za ghala la nafaka la Guanajuato, Alhóndiga de Granaditas, vikakaa hapo miaka 10. José María Morelos, padri mwingine, akaendeleza vita. Ni yeye aliyeandika mwaka 1813, katika hati yake iliyosomwa Chilpancingo, kwamba Septemba 16 iadhimishwe kila mwaka. Mariano Matamoros alikuwa msaidizi wake mkuu. Uhuru wenyewe ulikamilika Septemba 27, 1821, jeshi la wapigania uhuru lilipoingia jijini Mexico. Kwa hiyo kinachosherehekewa ni siku ya kuanza, si siku ya ushindi, na hilo ndilo linaloupa usiku huu ukali wake.

Baadhi ya watoa mwito humwongeza Vicente Guerrero, nasi tunashauri umwongeze. Alikuwa mtu mwenye asili ya Kiafrika, akawa rais mwaka 1829, na ndiye aliyetoa amri ya kufuta utumwa nchini kote mwezi Septemba mwaka huo.

Sasa hafla yenyewe. Unahitaji bendera kwenye mlingoti mfupi wa kushikwa mkononi, kengele yenye sauti nzito na mtu mmoja mwenye pumzi. Bendera iwe na kijani upande wa mlingoti, nyeupe katikati, nyekundu mwisho, na kimo chake kwa urefu wake kiwe 4 kwa 7. Katikati pawe na tai aliyesimama juu ya dungusi akila nyoka. Bila tai watu wataiona ni bendera ya Italia. Usiandike kitu chochote juu yake na usiitandike mezani. Sheria ya nchi kuhusu bendera, nembo na wimbo wa taifa ni kali kwa mambo haya. Kwa mapambo tumia karatasi za rangi tatu.

Utaratibu ni huu. Mtoa mwito anapokea bendera, anasimama mbele ya watu, anaita:

¡Mexicanas, mexicanos!
¡Vivan los héroes que nos dieron patria!
¡Viva Hidalgo!
¡Viva Morelos!
¡Viva Josefa Ortiz de Domínguez!
¡Viva Allende!
¡Vivan Aldama y Matamoros!
¡Viva la independencia nacional!
¡Viva México! ¡Viva México! ¡Viva México!

Baada ya kila mstari kuanzia wa pili, umati unaitikia “¡Viva!”, au “¡Vivan!” panapotajwa zaidi ya mmoja. Hapa ndipo hafla nyingi huharibika. Mtoa mwito akishikwa na woga huukimbilia mstari unaofuata kabla ya itikio kuisha, sauti zikagongana, na kufikia “Viva México” ya kwanza watu wamekwisha kupoteza mdundo. Ngoja itikio lizime kabisa, vuta pumzi, ndipo uite. Tumia sauti ya kifuani, si ya kooni, na kipaza sauti kikae umbali wa kiganja kimoja, la sivyo “Viva” zitapasuka na kuwa kelele tupu. Mazoezi mawili na watu watano wa kuitikia yanatosha.

Mwito ukiisha, kengele hupigwa, kisha bendera hupeperushwa kulia na kushoto, kisha wimbo wa taifa. Kengele ya asili ya Dolores ilihamishiwa jijini Mexico mwaka 1896, wakati wa rais Porfirio Díaz, na imetundikwa juu ya roshani ya rais. Wakati wa wimbo, raia husimama wima, mkono wa kulia kifuani usawa wa moyo, kiganja kikiangalia chini. Imbeni kiitikio, ubeti wa kwanza, ubeti wa mwisho na kiitikio tena. Wageni wapewe maneno kwenye karatasi. Fataki zingoje hadi wimbo umalizike, maana kuziwasha katikati ya wimbo ni kuuvunjia heshima.

Chakula cha usiku huu ni pozole, mchuzi wa mahindi na nyama. Kwa watu 12, andaa kilo 1 ya mahindi makavu meupe yenye punje kubwa. Meksiko hutumia aina iitwayo cacahuazintle, yenye punje pana na laini. Jioni ya tarehe 14, koroga vijiko 2 vya mezani vya chokaa ya kupikia katika lita 4 za maji, tia mahindi, chemsha kwa moto mdogo dakika 30 hivi, hadi ganda liwe njano na litoke ukilisugua kwa vidole. Ipua, acha usiku kucha. Chokaa ya kupaka ukuta haifai kuliwa, na sufuria ya alumini huliwa na chokaa, kwa hiyo tumia ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli. Asubuhi sugua mahindi na kuyasuuza hadi maji yawe meupe safi, kisha ondoa kwa kisu kile kishina kigumu kwenye ncha ya kila punje. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo inayoifanya punje ichanue kama ua. Mahindi ya kukobolewa ya makande yanaweza kushika nafasi, ila hayachanui vizuri na harufu ya chokaa haitakuwepo.

Saa 6 mchana wa tarehe 15, weka mahindi kwenye lita 6 za maji pamoja na kitunguu maji kimoja na kichwa kizima cha kitunguu saumu, bila chumvi. Wapishi wa pozole hutia chumvi baada ya punje kuchanua tu, kwa kuwa wanasema ikitangulia mahindi hukaza. Baada ya saa 2 au 3 tia kilo 2 za nyama ya nguruwe, bega na miguu, au kuku wawili kwa wasiokula nguruwe. Kuku aingie saa moja tu kabla ya mwisho. Maji yakipungua, ongeza ya moto.

Rangi nyekundu hutoka kwa pilipili kavu: guajillo 8 na ancho 3. Toa mbegu, zipashe kwenye kikaango sekunde chache kila upande. Zikiungua, chungu chote kitakuwa kichungu na hakuna dawa. Loweka kwenye maji ya moto dakika 20, saga na punje 4 za kitunguu saumu na oregano, chuja, kaanga kwenye mafuta vijiko 2 kwa dakika 5, kisha mimina ndani ya mchuzi na uache uchemke nusu saa zaidi. Katika jimbo la Guerrero huipenda pozole ya kijani yenye mbegu za maboga, na mahali pengine nyeupe isiyotiwa pilipili. Mezani weka kabichi au saladi iliyokatwa nyembamba, figili, kitunguu, oregano, ndimu na tostada, ambazo ni chapati za mahindi zilizokaangwa hadi zikawa kavu na za kumeguka. Kila mtu ajitilie mwenyewe.

Kinywaji rahisi ni agua de jamaica, ile rozela tunayoijua: kikombe 1 cha maua makavu, lita 2 za maji, chemsha dakika 10, chuja, tia sukari, poza. Chiles en nogada, pilipili hoho za poblano zilizojazwa nyama na kumwagiwa mchuzi mweupe wa jozi na punje za komamanga, hubeba rangi zote tatu za bendera, lakini ni kazi ya siku nzima. Usizipike pamoja na pozole kama uko peke yako jikoni.

Ukiwa jijini Mexico kwenyewe, fika uwanja wa Zócalo, ulio mbele ya Palacio Nacional, mapema jioni. Utapekuliwa mlangoni, kwa hiyo acha chupa na pombe. Septemba ni msimu wa mvua: vaa koti la mvua, kwani mwavuli huwazibia walio nyuma. Baada ya fataki umati hutoka wote kwa pamoja, hivyo kubalianeni mahali pa kukutana kabla ya kuingia, mbali na uwanja, maana simu mara nyingi hazishiki.