Kuomba Shahada ya Uzamili ya Muziki: Kuanzia Kumtafuta Mwalimu Hadi Kutuma Rekodi

Anayeomba uzamili wa upigaji ala au uimbaji hupimwa kwanza kwa masikio. Vyuo vingi huchuja waombaji kwa rekodi ya video kabla ya kumwita yeyote kwenye usaili, na rekodi mbovu humwangusha hata mpigaji hodari. Kwa sababu hiyo hatua ya 4 hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Hesabu miezi kwa kurudi nyuma

Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi tarehe 1 Desemba kwa masomo yanayoanza mwaka unaofuata. Konsevatori (vyuo maalumu vya muziki) za Uingereza zinazopokea maombi kupitia UCAS Conservatoires, mfumo wa pamoja wa maombi wa mtandaoni, hufunga mapema zaidi, mwanzoni mwa Oktoba. Chukua tarehe ya chuo chako, toa wiki tatu: hiyo ndiyo siku ya kumaliza rekodi. Toa miezi minne tena: hapo vipande vyote vya muziki viwe tayari vidoleni. Kipande kilichokaririwa juzi hupigika vizuri chumbani, lakini taa ya kamera ikiwaka kumbukumbu hukatika.

Hatua ya 2: Tafuta mwalimu kabla ya chuo

Katika upigaji na uimbaji, saa moja kwa wiki na mwalimu mmoja ndiyo moyo wa masomo yote. Jina kubwa la chuo halitakusaidia ikiwa mwalimu huyo haelewani na mkono wako au sauti yako. Mwandikie miezi minane hadi kumi kabla ya tarehe ya mwisho. Barua isizidi maneno 150: wewe ni nani, unapiga nini, viungo viwili vya rekodi, na maswali mawili tu. La kwanza, je, darasa lake litakuwa na nafasi mwaka huo? La pili, je, anaweza kukupa somo la majaribio, hata kwa mtandao? Swali la kwanza usiliache. Kuna waombaji wanaofaulu kila kitu kisha wakakosa nafasi kwa kuwa darasa la mwalimu limejaa, au mwenyewe anastaafu.

Hatua ya 3: Panga vipande

Soma masharti ya kila chuo, uyaweke kwenye jedwali moja. Utaona yanafanana: kwa piano, mara nyingi ni kazi ya Bach, sonata ya enzi ya Klasiki, kazi kubwa ya Kiromantiki na ya karne ya 20 au baadaye. Waimbaji wa klasiki huombwa nyimbo katika lugha kadhaa, kwa kawaida Kiitaliano, Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. Tunga programu moja, yaani orodha ya vipande utakavyopiga, inayokidhi vyuo vyote, usiandae tatu. Ukisitasita kati ya kipande kigumu kinachokushinda kidogo na cha wastani unachokimiliki, chukua cha wastani. Jopo la wapimaji hutambua mapema kama mapigo yametulia na sauti ni safi.

Watunzi hutuma nota za kazi tatu hivi, za ala tofauti, na angalau moja iwe imerekodiwa na wapigaji halisi, kwa sababu sauti za kompyuta huficha makosa ya uandishi wa ala. Waongozaji wa okestra na kwaya hurekodiwa kwa mbele, uso na mikono vikionekana. Wanamusikolojia, yaani watafiti wa muziki, hupimwa kwa insha yao ya utafiti.

Hatua ya 4: Rekodi

Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio mkali unaorudi harakaharaka, kuta zinarushiana sauti: hama, au tundika mapazia mazito. Piano ityuniwe siku hiyohiyo au moja kabla.

Usitegemee maikrofoni ya simu. Simu nyingi hushusha sauti kubwa na kupandisha ndogo zenyewe, hivyo *piano* (sauti ya chini) na *forte* (sauti ya nguvu) ulizozihangaikia miezi minne humfikia msikilizaji zikiwa karibu sawa. Tumia kinasa sauti cha pembeni, kiweke 48 kHz na biti 24, kisha piga sehemu yenye kelele kuliko zote na ushushe kiwango hadi kilele kibaki karibu na -6 dB kwenye kipimo cha kinasa. Kikigonga 0, sauti hupasuka na hakuna programu ya kompyuta itakayoirudisha ilivyokuwa. Ukiwa na maikrofoni mbili za kadioidi (zinazonasa zaidi sauti ya mbele), zitenganishe vichwa kwa sentimita 17 na pembe ya nyuzi 110. Piano na kwaya hupata upana wa asili.

Kamera isimame mahali pamoja, ionyeshe uso na mikono yote miwili. Piga kofi mbele yake kabla ya kila kipande, ili baadaye uoanishe sauti na picha kwa kilele cha lile kofi. Kati ya kipande na kipande kukata kunaruhusiwa. Ndani ya kipande, kwa kawaida, hapana. Wanajopo ni wanamuziki, wataiona mishono.

Kodi ukumbi kwa saa tatu, saa ya kwanza iende kwenye mitambo. Fanya mazoezi na msindikizaji, yaani anayepiga pamoja nawe, angalau mara tatu kabla. Kila kipande kipigwe mara tatu, nne ikizidi sana. Baada ya hapo vidole na koo huchoka na kila jaribio hushuka.

Hatua ya 5: Tuma

Wape waandishi wa barua za mapendekezo wiki sita, pamoja na programu yako. Angalia tarehe ya ufadhili, kwani wakati mwingine hutangulia ile ya maombi. Kisha fungua viungo vyako vya video kwenye kompyuta ambayo hujaingia kwa akaunti yako: video iliyofungwa kwa siri kwako itafunguka, kwa jopo itagoma.

Hatua ya 6: Usaili wa ana kwa ana

Chagua wewe kipande cha kwanza, kama unaruhusiwa, na kiwe kile ambacho mikono baridi inakiweza. Ukisimamishwa katikati usishtuke, wamesikia walichotaka na muda ni mfupi. Jiandae pia kusoma nota usizozijua papo hapo, na kwa mtihani wa nadharia na historia ya muziki. Ukianguka humo, vyuo vingi hukuongezea kozi za marudio, na kozi hizo hula saa zako za mazoezi.